Asilimia 0.1 ya nini?

Mgonjwa wa lukemia sugu ya mayeloidi anapotimiza mwaka mmoja kwenye dawa, yeye na daktari wake huisubiri namba moja: asilimia 0.1. Jibu likiwa hapo au chini yake, matibabu yanakwenda vizuri. Likibaki juu ya asilimia 1, daktari huanza kufikiria kubadili dawa.

Lakini ni asilimia ya nini? Wengi hudhani ni ya seli zote za damu, au ya ugonjwa aliokuwa nao mgonjwa mwenyewe siku ya kwanza. Sivyo.

Saratani hii ya damu hutokea kromosomu ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande, jambo alilolionyesha Janet Rowley mwaka 1973. Hapo huundwa jeni ya BCR-ABL1, inayozifanya seli zizaliane bila kikomo. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizuia kazi yake. Seli mbovu hupungua hadi darubini isizione tena. Mabaki yake hutafutwa kwa kipimo cha PCR, kinachohesabu nakala za RNA za jeni hiyo na kuzilinganisha na za jeni ya kawaida katika sampuli ileile.

Mvurugano ulianzia kwenye ulinganishi huo. Maabara hii ilitumia ABL1, ile BCR, nyingine GUSB, kila moja na mashine yake na vitendanishi vyake. Damu ya mtu mmoja iliweza kusomeka chini ya 0.1 hapa na juu yake kule. Kila maabara ilikuwa na pishi lake.

Ufumbuzi ulitokana na utafiti wa IRIS uliopima nguvu ya imatinib. Maabara tatu, za Adelaide, London na Seattle, zilipima sampuli zilezile za wagonjwa 30 ambao walikuwa hawajaanza dawa, na kiwango chao cha kati (mediani) kikafanywa kuwa asilimia 100. Kwa hiyo asilimia 0.1 ya mgonjwa yeyote leo ni sehemu moja ya elfu ya kiwango cha kati cha watu wale 30. Oktoba 2005, wataalamu waliokutana Bethesda walipendekeza maabara zote ziripoti kwa skeli hiyo ya kimataifa, ambayo kwenye majibu huandikwa IS. Maabara hupima sampuli sambamba na maabara rejea na kupata kizidisho chake: kikiwa 0.5, jibu ghafi la 0.2 huwa 0.1. Ikibadili mashine au vitendanishi, kizidisho nacho lazima kihakikiwe upya, na hapa ndipo uzembe huingia kwa urahisi.

Jibu linalonitia wasiwasi kuliko yote ni lile la "haikuonekana". Damu iliyochelewa njiani kwenye joto huharibika RNA, na sampuli dhaifu huweza kutoa jibu la kufurahisha kwa sababu tu hakukuwa na cha kuhesabu. Kudai kwamba mabaki hayazidi asilimia 0.01 kunahitaji angalau nakala 10,000 za ABL1, kwa 0.0032 zinahitajika 32,000. Fomu isiyotaja idadi hiyo imeficha nusu ya jibu.

Afrika Mashariki tunayo nafasi nzuri. Mashine za GeneXpert, tulizozizoea kwa kifua kikuu, zina katriji ya BCR-ABL inayotoa jibu kwa IS moja kwa moja. Ila aina ya BCR-ABL1 ijulikane tangu ugonjwa unapogunduliwa, kwani wachache wana aina ambayo kipimo cha kawaida hakiisomi kabisa.

Usahihi huu una uzito mkubwa zaidi kwa anayetamani kuacha dawa. Utafiti wa STIM wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2010, uliwaachisha imatinib wagonjwa ambao mabaki yao hayakuonekana kwa zaidi ya miaka miwili. Takriban wanne katika kila kumi waliendelea bila ugonjwa kurudi. Kwa wengine ulirudi, wengi wao ndani ya miezi sita, na waliporudishiwa dawa ulidhibitika, kwa sababu walikuwa wakipimwa kila mwezi mwanzoni. Asiye na uhakika wa kupata kipimo hicho cha kila mwezi, chenye IS na idadi ya nakala, asiache dawa.