Je, Wajua? Jenereta ya Kuoshea Magari Mlangoni kwa Mteja

Kirikuu unayo, tangi la maji limefungwa, mashine ya presha na kifyonza vumbi viko tayari. Imebaki jenereta, na dukani zimepangwa nyekundu, bluu na njano, kila moja na namba yake kubwa ubavuni. Kabla hujatoa hela, pitia haya.

Je, wajua kwamba ile namba kubwa kwa kawaida ni nguvu ya juu kabisa, ambayo jenereta huimudu kwa muda mfupi tu? Nguvu ya kufanyia kazi kutwa nzima iko kwenye kibati, kwa herufi ndogo, penye neno "Rated". Hiyo ndiyo ya kununulia.

Je, wajua kwamba kVA si kilowati? Kibati kikisema kVA 2.5 na cos φ 0.8, zidisha: unapata kilowati 2 tu.

Je, wajua kwamba hesabu haianzi na vifaa ulivyonavyo, bali na vile vitakavyowaka kwa pamoja? Tuseme mashine ya presha ni wati 1,800, kifyonza vumbi 1,200 na mashine ya kupolishia 900. Vyote vikiwaka pamoja ni wati 3,900. Ukifanya kazi peke yako, kimoja kimoja, hutavuka 1,800. Mkiwa wawili, mmoja anaosha nje na mwenzake anafyonza ndani ya gari jingine, ni 3,000.

Je, wajua kwamba mota nyingine ni walafi wakati wa kuwaka? Kompresa ya upepo inaweza kuvuta mara tatu ya umeme wake wa kawaida, au zaidi, kwa zile sekunde za mwanzo. Ndiyo maana jenereta "inayotosha" huzima ghafla. Mashine ya mvuke haina mshtuko huo, kwani kazi yake kubwa ni kuchemsha maji, lakini hula umeme mwingi muda wote inapochemsha.

Je, wajua kwamba jenereta ile ile ina nguvu zaidi Dar es Salaam kuliko Nairobi? Injini hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua uzito. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; wati 3,000 za pwani zinakaribia 2,400 huko. Wa Mbeya naye apige hesabu hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba jenereta nyingi za kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika, hata kama umechomeka chaja ya simu tu? Ni mizunguko 50 kwa sekunde, na ndiyo inayotoa umeme wetu wa Hz 50. Jenereta ya inveta haibanwi na hilo: mzigo ukiwa mdogo, injini hupunguza kasi, petroli na kelele. Bei yake, hata hivyo, imechangamka.

Je, wajua kwamba jenereta ndogo aliyokutumia ndugu kutoka Marekani inaweza isikufae? Nyingi za kule hutoa volti 120 na Hz 60. Vifaa vya Tanzania na Kenya vinataka volti 230 hadi 240 na Hz 50.

Je, wajua kwamba kipimo cha kelele hakina maana bila umbali? Kwenye uwanja wazi, mashine iliyopimwa umbali wa mita 7 husomeka takribani desibeli 17 chini kuliko ikipimwa mita 1. Muulize muuzaji ilipimwa wapi, maana jirani wa mteja wako hana subira Jumapili asubuhi.

Je, wajua kwamba ukinunua mashine ya presha ya petroli, jenereta inabakiwa na kufyonza na kupolishi tu? Ndogo itatosha, na mgongo wako utashukuru.

Je, wajua kwamba moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni? Usiiwashe ndani ya gari lililofungwa wala kwenye maegesho ya chini ya ghorofa. Huko tumia betri kubwa ya kuchaji, isiyotoa moshi.

Je, wajua kwamba waya mrefu ulioachwa kwenye rola unaweza kupata joto hadi kuyeyuka? Ukunjue wote, na maungio yake yakae juu, mbali na maji yanayotiririka.

Je, wajua kwamba jenereta nyingi mpya za 4-stroke hutaka oili ibadilishwe baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100? Ukiwasha saa 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hizo 100 zinatimia kabla mwezi haujaisha.

Je, wajua jaribio bora kuliko maneno ya muuzaji? Nenda dukani na mashine yako ya presha. Washa jenereta, ipe mzigo, iache ifanye kazi dakika 10. Ikishtuka kidogo kisha ikashika, mnaweza kuanza kuongea bei.