Moshi wa Chanja na Mishipa ya Moyo

Huko Mulongo, kando ya mto Lualaba katika jimbo la Haut-Lomami, samaki ambaye hakununuliwa akiwa mbichi hupangwa juu ya chanja na kukaushwa kwa moshi, na anayeukalia moto huo, akigeuza samaki na kusogeza kuni, huuvuta moshi kwa saa nyingi. Macho yakiwasha hujua. Mishipa ya damu huumia kimyakimya.

Chembe ndogo mno za moshi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwili, ukizihesabu kuwa adui, huanzisha uvimbe, yaani ulinzi uleule ambao Warumi wa kale waliutambua kwa wekundu, joto, kufura na maumivu. Kidondani uvimbe huo huponya kisha hutulia, lakini moshi unaorudi kila siku hauupi nafasi ya kutulia, nazo kemikali za uvimbe huo huzunguka na damu hadi kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. Utando laini wa ndani ya ateri ukidhurika, lehemu, aina ya mafuta isafiriyo katika damu, hupenya chini yake, na seli nyeupe za damu huifuata na kuimeza mpaka zishibe na kufia palepale. Juu ya rundo hilo huota gamba, na uvimbe ukilila gamba hilo likapasuka, damu huganda na kuziba njia: moyoni huwa ni shambulio la moyo, ubongoni kiharusi. Kwa hiyo ule mfano uliozoeleka wa ateri kama bomba lililojaa mafuta, ingawa ni rahisi kueleweka, hausemi hata nusu ya habari.

Daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliutaja uvimbe huu wa ateri katika karne ya 19, ila ushahidi mzito ulipatikana mwaka 2017, pale utafiti wa wagonjwa zaidi ya 10,000 ulipoonyesha kuwa dawa ya kutuliza uvimbe, isiyogusa lehemu, ilipunguza mashambulio ya moyo. Dawa hiyo ni ghali, tena ilizidisha vifo vya maambukizi; si ya kutegemewa Mulongo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya nusu yao kwa maradhi ya moyo na kiharusi. Ili kupunguza moshi, huko Ghana wakaushaji wa samaki wana tanuri la Chorkor, la udongo na trei zenye fremu za mbao zinazopandana, ambalo hula kuni chache na kumpunguzia mkaushaji moshi. Udongo na mbao vinapatikana hata kando ya Lualaba.