Bomba Linalolinda Joto la Jua

Katika somo lililopita tulieleza jinsi vioo vilivyopindwa kama mfereji vinavyokusanya mwanga wa jua na kuuelekeza kwenye bomba moja, ili kupata umeme. Wageni wanaofika Ouarzazate, katika nchi ya Moroko, huvistaajabia vioo hivyo. Mimi leo nawaomba mlitazame bomba, maana joto likitoroka hapo, vioo vyote vimefanya kazi bure.

Sufuria ya uji ikiepuliwa hupoa kwa njia mbili. Hewa inayoigusa huchukua joto. Tena sufuria yenyewe hutoa miali ya joto, kama ile unayoisikia usoni ukikaa mbele ya jiko la mkaa. Mafuta yaliyomo katika bomba la Ouarzazate hufika karibu digrii 390, basi fikirini hasara yake!

Njia ya kwanza imezibwa hivi: bomba la chuma limevikwa bomba la kioo, na hewa yote ya katikati imeondolewa. Ndivyo ilivyo chupa ya chai.

Njia ya pili ni ngumu zaidi. Kitu cheusi hupokea mwanga vizuri, lakini kikipata moto hutoa miali mingi pia. Kwa hiyo chuma hupakwa tabaka nyembamba mno za madini na kauri. Hizo hupokea kama sehemu 95 katika 100 za mwanga wa jua, lakini hutoa kama sehemu 10 tu za miali ambayo kitu cheusi kabisa kingetoa. Kwangu mimi, hilo ndilo la ajabu kupita yote.

Walakini adui mwingine hutoka ndani. Mafuta yakikaa miaka mingi katika joto kali huvunjika, yakatoa gesi iitwayo haidrojeni. Gesi hii hupenya hata chuma, ikaingia katika ile nafasi tupu, ikalibeba joto mpaka kwenye kioo. Hasara huweza kuzidi mara kadhaa. Mafundi huweka humo madini ya kunyonya gesi. Lakini nayo hushiba. Bomba lililoharibika hujulikana kwa kioo chake, ambacho huwa cha moto kuliko vya jirani zake.

Kwa juma lijalo, kila darasa lilete chupa mbili za chai, moja nzima na moja isiyohifadhi joto tena. Zitieni maji ya moto, na baada ya saa tatu mwandike maji ya chupa ipi yamepoa, na joto lake limepita wapi.