Kicheko Kinamwangukia Nani?



Katika kipindi cha fasihi hapa Kiyovu, wanafunzi walituuliza swali ambalo kamusi haikulimaliza: tashtiti inatofautianaje na tusi linalochekesha? (Wapo walimu wanaoita tashtiti lile swali lisilohitaji jibu. Sisi tunalitumia neno hili kwa kazi inayoikosoa jamii kwa kuichekesha.) Tukaamua kutazama pamoja Blazing Saddles, filamu ya Mel Brooks ya mwaka 1974.

Ni filamu ya makauboi. Mwanasheria mkuu mlafi anautaka mji wa Rock Ridge ili reli ipite, kwa hiyo anawapelekea wenyeji Wazungu sherifu Mweusi, Bart, akitumaini kwamba watamkataa na mji utasambaratika.

Mwanzoni wasimamizi wa reli wanawaamuru vibarua Weusi waimbe wimbo wa kitumwa. Vibarua wanaimba, kwa sauti laini, wimbo wa Cole Porter wa kumbi za starehe. Wasimamizi wanaudhika, wanaanza kuwaonyesha jinsi "Mweusi anavyoimba", na mara wao wenyewe wanarukaruka vumbini. Hakuna aliyewatukana, wameivaa picha waliyoichora kwa mikono yao.

Bart anapoingia mjini, bastola zote zinamwelekea. Naye anajielekezea yake kichwani na kujiteka nyara: mara ananguruma kama jambazi, mara analia kama mateka. Wenyeji wanashusha silaha wakimwonea huruma! Wameamini kwa wakati mmoja kwamba Mweusi ni hatari na kwamba Mweusi ni mnyonge. Ubaguzi haujui kujumlisha.

Hapo tulisita kidogo, maana Kigali inakijua kicheko kingine. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, iliwavuta vijana kwa muziki, mizaha na lugha ya mtaani, huku ikiwaita Watutsi mende. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 ilitangaza hata majina ya watu wa kuwindwa. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Mzaha wa redio ile ulimwangukia anayebaguliwa. Wa Brooks unamwangukia anayebagua. Kipimo chetu ni hicho, ingawa si rahisi kila mara. Filamu yenyewe imejaa tusi baya dhidi ya Weusi, na Richard Pryor, mchekeshaji Mweusi, ni mmoja wa walioiandika. Hatukulitafsiri tusi hilo. Pengine ilikuwa woga wa walimu.

Kisha tuliwapa wanafunzi zoezi: andikeni kichekesho kuhusu dhana tunayokutana nayo sana hapa nchini, kwamba Kiswahili ni lugha ya wezi na waongo. (Kuwa lugha rasmi mwaka 2017 hakujaifuta dhana hiyo.) Mmoja aliandika juu ya mzee wa Kiyovu ambaye kila akisikia "shikamoo" hushika mfuko wake. Mwishoni pochi inaibwa na mgeni aliyemsalimu kwa Kifaransa safi. Darasa lilicheka sana. Tukamwuliza: na sasa, kicheko kimemwangukia nani? Alifikiri, akafuta ukurasa mzima wa mwisho. Katika nakala mpya mzee anawapekua majirani wote wanaosema Kiswahili, anapiga kelele hadi getini, na pochi iko juu ya kabati lake tangu asubuhi.