Kupima wayo wa mwenye kisukari

Mwenye kisukari akipoteza hisia miguuni, huweza kukanyaga changarawe iliyo ndani ya kiatu mchana kutwa asijue. Panapolemewa kila hatua huota sugu, kidonda kikajificha chini yake, na mwisho huenda mguu ukakatwa.

Zipo kliniki zinazotumia soli nyembamba ya plastiki, unene wa kama milimita 0.15, inayotiwa kiatuni na kuunganishwa na kompyuta. Mgonjwa hutembea, panapolemewa sana huonekana pekundu, kwenye nafuu buluu.

Lakini soli hiyo ni rahisi kuharibika. Ina mistari ipitishayo umeme, iliyopishana kama wavu. Ikikunjwa, mstari ukakatika, sehemu ya wayo haisomwi tena, na mpimaji mzembe atadhani hapo hapana shida! Isikunjwe, isiloweshwe. Tena huchoka kwa kutumiwa, ndiposa mgonjwa hupimwa uzani kwanza, kisha husimama kwa mguu mmoja ili mtambo ulinganishwe na uzani huo. Usipopimwa uzani, uliza kwa nini.

Kipimo hiki ni ghali. Penye uhaba, mwombe daktari akuguse wayo kwa uzi wa nailoni wa gramu 10, utambue kama bado unahisi.