Siri ya Mgonjwa Mbele ya Mahakama

Jalada la afya ya uzazi hubeba mambo ambayo mwanamke huenda hajamweleza hata mumewe: mimba iliyoharibika, njia ya uzazi wa mpango, ugonjwa wa zinaa. Humweleza mtoa huduma akiamini kwamba yataishia hapo. Nchini Marekani imani hiyo imefikishwa mahakamani mara kadhaa, na hukumu zilizotolewa zina mafunzo kwa kila anayeandika katika jalada na kila anayeandikwa humo.

Katika mji wa Charleston, South Carolina, hospitali ya umma ilianza mwaka 1989 kupima mkojo wa baadhi ya wajawazito ili kubaini matumizi ya kokeini, na majibu yakapelekwa polisi. Baadhi yao walikamatwa muda mfupi baada ya kujifungua. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kumpima mgonjwa bila ridhaa yake kwa lengo la kupata ushahidi wa jinai ni upekuzi unaokiuka Katiba.

Huko Kansas, Mwanasheria Mkuu wa jimbo alidai majalada ya wagonjwa 90 wa kliniki mbili zilizotoa huduma ya utoaji mimba. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo haikuyazuia kabisa, bali iliagiza kwamba kila kinachomtambulisha mgonjwa kifutwe kwanza.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, ijulikanayo kama HIPAA, pamoja na kanuni zake, hulinda taarifa za wagonjwa nchini humo. Hata hivyo, kanuni hizo humruhusu mtoa huduma kuzikabidhi kwa vyombo vya dola pale penye amri ya mahakama au wito wa kisheria unaotimiza masharti. Uzito wa ruhusa hiyo ulidhihirika tarehe 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba na kuyaachia majimbo uamuzi. Tangu hapo, mwanamke aweza kupata huduma halali katika jimbo moja, kisha akarejea kwao ambako huduma hiyo imepigwa marufuku.

Mwezi Aprili 2024 Wizara ya Afya ya Marekani ilitoa kanuni iliyokataza kutumia taarifa za mgonjwa kumchunguza au kumwadhibu mtu kwa sababu tu ya kutafuta, kupata au kutoa huduma halali ya uzazi. Jimbo la Texas lilifungua shauri kuipinga, na daktari mmoja wa jimbo hilo akafungua lake, akidai kuwa kanuni inakwamisha wajibu wake wa kuripoti ukatili dhidi ya watoto. Tarehe 18 Juni 2025 Jaji Matthew Kacsmaryk aliitengua nchi nzima katika shauri la daktari huyo, akisema wizara ilivuka mamlaka yake. Ulinzi wa awali ungalipo, na ile ruhusa nayo ingalipo.

Kuwalinda watoto ni wajibu usiopingika. Lakini hofu nayo ina madhara yake kitabibu. Mwanamke anayevuja damu, akiogopa kusema ametumia dawa gani na lini, humnyima daktari maelezo ambayo pengine ndiyo yangeokoa maisha yake.

Fundisho kwa mtoa huduma ni kwamba kuruhusiwa si kulazimishwa. Anayedai jalada aulizwe hati yake, hati hiyo ipelekwe kwa uongozi na mwanasheria wa kituo, na kinachotolewa kisizidi kilichoamriwa. Mgonjwa naye atambue kuwa programu nyingi za simu za kufuatilia hedhi haziguswi na HIPAA.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini kabla sheria haijafika mahakamani, mlinzi wa kwanza wa siri ni yule aliyeshika kalamu na jalada.