Oili Huchelewa Kuamka

Haya wajukuu, sogeeni. Leo nawasimulia habari ya lori la ndizi lililolala Tarime mjini usiku mmoja wa Julai, kukicha literemke kupitia Nyamongo, livuke Mto Mara, lipande hadi Mugumu, Serengeti.

Mnaijua baridi ya Tarime. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Tarime uko karibu mita 1,500. Kila unapopanda mita 100, hewa hupoa kwa zaidi ya nusu digrii. Theluji hatuna, lakini chuma kikilala nje alfajiri ya kipupwe hupoa kwelikweli, na oili yote imeshuka kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini, nzito kama samli iliyoanza kuganda.

Dereva akapima oili kwa kijiti, akawasha. Taa nyekundu ya oili ikazimika, maana yake pampu imeshaisukuma hadi kwenye beringi. Hakupiga resi hata kidogo, kwa sababu oili nzito hupita kwa shida kwenye vijitundu vyembamba. Akasubiri dakika moja mbili, akaondoka taratibu.

Utingo akachungulia geji. "Mzee, mshale umeshapanda. Mbona tunatambaa?"

"Huo ni mshale wa maji, mwanangu. Oili bado imelala."

Alisema kweli. Maji hupita ubavuni mwa silinda, palepale dizeli inapoungulia, kwa hiyo hupata moto mapema. Oili iko chini, upepo wa barabarani unaipuliza sampo, nayo huchelewa sana nyuma ya maji. Wala kuliacha lori liungurume nusu saa limesimama hakusaidii, kwani injini isiyo na kazi hutoa joto kidogo. Oili hupashwa na kazi, ila kazi ya upole, mpaka ikaribie nyuzi 90. Kwenye dumu la oili ya malori mengi mtasoma 15W-40. Oili hiyo ikiwa nyuzi 40 ni nzito karibu mara saba kuliko ikiwa nyuzi 100. Kule Kanada baridi huzidi hadi madereva wakachomeka hita ya umeme kwenye injini usiku kucha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata watu wazima hulistaajabia. Lita moja ya dizeli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji! Mengi hutoka kwa ekzosi yakiwa mvuke, lakini kiasi hupenya kando ya ringi za pistoni kikaingia kwenye oili. Oili ikiwa ya moto, mvuke huo hujiendea zake. Ikibaki baridi, maji hukaa humo, yakachanganyika na masizi na tindikali, oili ikawa tope na beringi zikalika.

Ndiyo maana naumia nikiona thamostati imetupwa jalalani. Hiki ni kijilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto wa kutosha, karibu nyuzi 82 kwa injini nyingi za malori. Gari likichemsha, wapo mafundi wanaoking'oa wakidhani wameiponya injini. Mchana wa jua kali hakuna anayegundua kitu. Lakini asubuhi, kwenye mteremko wa kwenda Mto Mara, maji hukimbilia rejeta bila kizuizi, injini inapoa, na oili inapoa nayo, kwa sababu kwenye malori mengi kipozeo cha oili hupitisha maji hayohayo. Gari linalochemsha likaguliwe rejeta iliyoziba, feni, mkanda, mipira inayovuja. Kijilango kikiwa kibovu, kinunuliwe kipya.

Lori letu lilikuwa nacho. Lilipovuka daraja na kuanza kupanda upande wa Serengeti, oili ilikuwa tayari, na hapo ndipo dereva alipokanyaga mafuta sawasawa, mzigo wote wa ndizi mgongoni.

Walipofika Mugumu utingo akanyoosha mkono kwenye swichi. "Ngoja kwanza," mzee akamwambia, akaiacha injini iungurume dakika mbili tatu. Sababu ni tabo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini: ndani yake kuna kijigurudumu kinachoweza kuzunguka mara 100,000 kwa dakika, na oili inayopita humo ndiyo inayokipoza. Injini ikizimwa ghafla baada ya mlima, oili husimama, na ile iliyobaki kwenye chuma cha moto huungua ikawa mkaa.